Imani haili kiporo

Wapendwa wasomaji, Bwana Yesu asifiwe. Barua za safari hii ni nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kwamba mtu aiishije imani yake Jumatatu mpaka Jumamosi, maana Jumapili kila mtu anaijua, unavaa, unaimba, unatoa sadaka, mnada wa mayai na ndizi ukiisha pale nje ya kanisa mnarudi nyumbani, alafu Jumatatu saa kumi na moja alfajiri uko stendi unagombania siti na ile amani ya jana huioni imeenda wapi. Nimechagua barua nne, nimezifupisha kidogo tu.

Shikamoo mama. Mi ni mama lishe hapa Dar, nina watoto watatu, mume wangu ni fundi rangi kazi zake za kubahatisha. Naamka saa tisa usiku nawasha mkaa, nakanda maandazi, nabandika supu, saa kumi na mbili niko kijiweni, nafunga saa kumi jioni, napita sokoni kuchukua vya kesho, nikifika nyumbani ni kufua na kupika tena. Zamani kabla ya biashara nilikuwa sikosi maombi ya asubuhi kanisani wala mkesha. Siku hizi nikipiga magoti pembeni ya kitanda nashtuka saa saba usiku bado niko kwenye magoti, uso uko kwenye godoro, miguu imekufa ganzi na hata Baba Yetu sikuimaliza. Juzi dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi kaniambia mbele za watu kwamba nimepoa kiroho na pesa imenimeza. Nililia njia nzima. Mama, kweli nimempoteza Mungu? (Mama lishe, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu, na pole sana na kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili na pale kwenye godoro nikaiweka chini kwanza nikakaa kimya. Hujampoteza Mungu. Mtu aliyempoteza Mungu hapigi magoti usiku baada ya siku kama hiyo yako, angepanda tu kitandani. Wewe umepiga, usingizi umekukuta ukiwa mbele zake, na mimi sijui mahali pengine pazuri zaidi pa mtu aliyechoka kusinzia. Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi, kwa hiyo usingizi nao anautoa yeye, acha kuuombea msamaha.

Sisi Walutheri tuna Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, wengi tuliikariri wakati wa kipaimara tukaiweka kabatini. Mle ndani kuna sala ya asubuhi na sala ya jioni, fupi kabisa, za kusali mtu na watu wa nyumbani kwake, na maelekezo yake mpaka leo yananipa raha. Asubuhi ukiamka unasali Kanuni ya Imani na Baba Yetu na ile sala, alafu unaenda kwenye kazi yako kwa furaha huku ukiimba. Jioni hivyohivyo, ukimaliza unalala palepale kwa moyo mkunjufu. Luther mwenyewe alikuwa mtu wa kusali sana, ila alipowaandikia watu wenye nyumba na watoto na kazi aliandika kitu ambacho aliyechoka anaweza kukimaliza.

Sasa nikupe neno moja ambalo mimi limenishika miaka mingi, lile la mana, kile chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, Kutoka sura ya 16. Kila mtu aliambiwa aokote pishi moja ya siku hiyo. Wapo walioogopa wakaficha ya kesho, asubuhi wakakuta mabuu na harufu. Sisi huku kiporo cha wali na chai ya asubuhi ni chakula kizuri tu, ila mana haikukubali kulala, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Na mimi nimeona imani nayo ni hivyo. Mtu anashiba mahubiri ya Jumapili anataka yamfikishe Jumapili nyingine, ikifika Jumatano yameshachacha, hajui hata mchungaji alisoma wapi. Na wewe nakuona unaelekea kosa hilohilo kwa upande wa pili, maana unatamani zile saa za mkesha za zamani zikulishe saivi. Zilikulisha wakati ule. Za leo ziokote leo, na angalia mstari wa 18, walipopima, aliyeokota kingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Yaani yule aliyerudi na kidogo, pishi yake ilitosha! Huo mstari ni wako, uandike kwenye karatasi uubandike jikoni.

Wapi utaokota? Usitafute saa mpya, huna. Tafuta kwenye saa ulizonazo. Ukiwasha mkaa saa tisa kuna dakika kadhaa za kupepea na kile kipande cha boksi mpaka ukolee, hapo hukandi, hukati kitunguu, mikono inapepea tu na watoto wamelala. Hiyo ndo madhabahu yako. Baba Yetu, taratibu, na mstari mmoja uliousoma jana yake. Mkaa ukikolea umemaliza, nenda kwenye maandazi yako kwa furaha kama alivyosema Luther. Kuna siku utasema Baba Yetu nzima na akili iko kwenye bei ya unga. Ikitokea hivyo mwambie Mungu bei ya unga, maana kwenye sala hiyohiyo tunaomba mkate wa kila siku.

Alafu wateja. Naamini unawajua kuliko mchungaji anavyojua washirika wake. Kuna yule kijana wa zege anayekunywa supu kwa mkopo mpaka Jumamosi, kuna mzee aliyeanza kukohoa tangu mwezi uliopita, kuna binti anayekuja na macho yamevimba. Ukimwekea mtu bakuli mezani mtaje kimoyomoyo, Bwana mkumbuke huyu. Haichukui muda wowote na supu haipoi. Na yule anayekohoa mwambie aende akapime kifua, hiyo nayo ni huduma.

Kuhusu dada aliyekusema, usimkimbie na usiache kikundi. Mkesha ni kitu kizuri, mimi nimekesha sana ujanani na ninawashukuru wanaokesha, wakati mwingine wanatubeba sisi tuliolala. Ila kumsema mtu mbele za watu bila kumuuliza kwanza anaamka saa ngapi, hapo amekosea. Mtafute mkiwa wawili tu, mweleze ratiba yako kama ulivyonieleza mimi, mwombe awe anakutaja akikesha. Nadhani atashangaa. Na kama mnaweza na mume wako, mara moja kwa mwezi pumzika Jumamosi ukalale mchana, jioni ukaingie kwenye maombi ukiwa mtu mzima, sio kivuli.

Bwana asifiwe mama. Napanda mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni kila asubuhi, nimeamua kusoma Biblia kwenye simu ila meseji za magrupu zinaingia nahamia huko, nikishtuka nimefika. Je kusoma kwenye simu kuna thamani sawa na kitabu? (Kijana wa Kimara)

Amina mwanangu. Neno ni lilelile, iwe karatasi iwe kioo. Shida yako ni mawazo kuhamahama, na hiyo haikuanza na simu. Mwaka 1535 kinyozi mmoja, jina lake Peter, alimwomba Luther amfundishe kusali, Luther akamwandikia barua ndefu. Humo anamwambia atumie akili anayotumia kwenye kazi yake, maana kinyozi mzuri macho yako kwenye wembe na nywele na anajua amefikia wapi, akianza kupiga stori huku anaangalia pembeni atamkata mtu mdomo au pua, au hata koo. Kwa hiyo ukishapanda tu zima data, apu nyingi za Biblia ukishazipakua zinafunguka bila bando. Anza na Marko, ina sura 16, nusu sura kwa kila siku ya kazi ndani ya wiki saba umeimaliza. Ukibanwa kwenye mlango huwezi hata kutoa simu, rudia mstari wa jana kichwani.

Shikamoo mama. Ni kijana wa miaka 24, niko Dodoma, nina diploma ila ajira hakuna naendesha bodaboda. Mwaka jana baba aliugua figo, tukawa tunampeleka kusafishwa damu, tukauza kiwanja, tukafunga, tukakesha, watumishi wakaja wakatangaza amepona kwa jina la Yesu. Baada ya wiki mbili akafariki. Msibani mtu wa kanisani akamwambia mama yangu kwamba mngekuwa na imani kamili mzee angekuwepo. Toka siku hiyo nikiomba naona naongea na ukuta. Kanisani naenda kwa ajili ya mama tu. Nikisema ukweli, namchukia Mungu na wakati huohuo namuogopa. Nifanyeje? (Bodaboda, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, pole na kwa mama yako.

Nianze na lile neno la msibani kwa sababu nina hasira nalo na sitaki kulificha. Halikutoka kwa Mungu. Yesu alipofika kwa akina Martha na Mariamu waliofiwa na kaka yao hakuwaambia imani yenu ilikuwa ndogo, alilia. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe na haukuondolewa, na hakuna anayesema Paulo alikosa imani. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akakinywa. Mlimpenda baba yenu, mliuza kiwanja, mlikesha, mlimpeleka hospitali, hiyo ndo imani yenyewe. Figo zilishindwa. Mwambie mama yako maneno haya kwa mdomo wako, usimwachie abebe lile jingine peke yake, maana nina uhakika analirudia kila usiku.

Sasa ukuta. Nikwambie la kwangu. Mume wangu alipofariki nilikaa miezi minne siwezi kusema mstari mmoja wa Baba Yetu, ule wa mapenzi yako yatimizwe. Mimi mzee wa kanisa, mwalimu wa Sunday school miaka mingi. Nilikuwa nasimama na wenzangu, nasema Baba yetu uliye mbinguni, tukifika pale mdomo unafunga wenyewe, nasubiri wapite, naingia tena kwenye mkate. Sikumwambia mtu. Ila kulikuwa na bibi mmoja wa benchi la nyuma, mshona mikeka, alishaona. Jumapili moja akahamia benchi langu bila maelezo, na tulipofika kwenye mstari ule akausema kwa nguvu, karibu na sikio langu, kama anausema kwa niaba ya watu wawili. Jumapili iliyofuata tena. Hakuwahi kuniuliza kitu. Siku niliyoufungua mdomo na mimi nikausema, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua, akanishika kiganja, basi.

Kwa hiyo hiyo kwenda kanisani kwa ajili ya mama tu, usiidharau, endelea. Kaa karibu naye. Wenzako wakiimba waache wakuimbie kwanza, kanisa kazi yake moja ni hiyo. Na usimletee Mungu maneno ya uongo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atanisahau mpaka lini, hata milele? Zaburi ya 88 ndo kabisa, inaanza na kilio na neno lake la mwisho ni gizani, haijamaliziwa na shangwe yoyote, na bado iko kwenye Biblia, watu wa Mungu waliiimba. Ukiwa kijiweni unasubiri abiria, isome hiyo ya 88 kwa sauti ya chini, ukitaka ongeza na ya kwako. Kusema namchukia Mungu ukimwambia yeye mwenyewe, hapo bado mnaongea. Yule baba wa Marko 9 aliyeleta mtoto wake mgonjwa alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," akasema yote mawili kwa pumzi moja, na Yesu hakumfukuza.

Jambo lingine. Soma 1 Wafalme 19, Eliya alipochoka akalala chini ya mti akaomba afe. Malaika hakuja na somo. Alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale tena, ndipo safari. Nakuuliza kama mama, unakula? Unalala? Kama usiku huoni usingizi wiki nzima, au unaendesha pikipiki kwa kasi ile ya mtu ambaye hajali kufika, nenda hospitali ukaongee na daktari au mshauri, na umtafute mchungaji au mwinjilisti mmoja unayemwamini ambaye atakusikiliza bila kukutangazia kitu. Usisubiri imani irudi ndo uende. Na nitumie jina lako la kwanza tu, Alhamisi jumuiya yetu ikikaa tutakutaja wewe na mama.

Heshima yako mama. Nina watoto wanne, tuko Morogoro. Kila siku saa mbili na nusu usiku nafanya ibada ya nyumbani kama alivyotulea baba yangu, ila imegeuka vita. Mdogo anasinzia, wakubwa wako kwenye simu, nikihubiri wananuna. Wiki iliyopita huyu wa kidato cha pili alikuwa anachati chini ya meza wakati nasoma, nikamnyang'anya simu nikaibamiza ukutani, kioo kikavunjika. Baadaye mke wangu akaniambia mtoto alikuwa anamjibu bibi yake aliyekuwa anaulizia dawa. Toka hapo anakaa kwenye ibada kama jiwe. Nifanye nini watoto wampende Mungu? (Baba wanne, Morogoro)

Asante baba kwa kuandika na ile sehemu ya kioo, wengi wangeiacha.

Nimekulia Bukoba, kwenye kibanja cha ndizi na kahawa. Mama yangu alikuwa mlokole, wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulioshika moto Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaenda Uganda na Burundi, ukaingia kwetu Bukoba, ukafika mpaka Kenya. Watu wa Uamsho walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, wamelitoa 1 Yohana 1, maana yake ukikosa hufichi, unasema kwa mwenzako, mnasameheana, mnaimba, maisha yanaendelea. Ibada ya nyumbani kwetu ilikuwa fupi, mistari michache, wimbo, kila mtu anataja kitu kimoja anachoshukuru, hata aliyeshukuru kwa senene hakuchekwa. Kumbukumbu la Torati 6 inamwambia mzazi ayanene maneno ya Mungu akiketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka, na mama alikuwa hivyo, mengi ninayoyajua kuhusu Yesu niliyasikia tukichuma kahawa, mimi upande huu wa mti yeye ule.

Ila kilichonifanya niamini ni siku moja. Nilikuwa na miaka tisa, niliachiwa kulinda kahawa iliyoanikwa kwenye majamvi, nikaenda kucheza, mvua ikapiga yote. Mama alirudi akamkuta kaka yangu karibu na majamvi, akamchapa yeye, mimi nikanyamaza. Kabla giza halijaingia jirani akamwambia ukweli. Usiku tumekaa kwa ibada, taa ya chemli iko katikati, mama hajafungua Biblia. Akateremka kwenye kigoda akapiga magoti mbele ya kaka yangu, mtoto wa miaka kumi na mbili, akamshika miguu akamwambia nimekuonea, nilichapa kabla sijauliza, naomba unisamehe na ninamwomba Yesu anisamehe. Kaka alikuwa analia anamwambia inuka mama inuka. Mimi nilitetemeka nikasema, ni mimi. Hakuna aliyenichapa. Aya iliyosomwa usiku ule siikumbuki hata moja, lakini miguu ya kaka yangu na mikono ya mama juu yake naiona mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Kwa hiyo baba, punguza ibada iwe dakika kumi, ianze mapema kidogo huyo mdogo akiwa bado macho, simu zote ikiwemo ya kwako ziwe kwenye kapu moja, wakubwa wasome kwa zamu na wewe usikilize. Hayo ni ya kesho. Leo jioni, kabla hujafungua Biblia, hamisha kiti chako ukakae mbele ya huyo wa kidato cha pili, wenzake wakiwepo kwa sababu kioo kilivunjika wakiwepo, umwombe msamaha, alafu muulize bibi anaendeleaje na alipata ile dawa.